Uma Unaomchongea Mzee

Thomas ana miaka 70. Mke wake alifariki mwaka uliopita na sasa anaishi peke yake. Watoto wako mbali. Kwa sababu wanampenda, au kwa sababu wana wasiwasi (filamu haitenganishi mambo haya mawili, na inafanya vizuri), wamemtumia zawadi: uma unaopima anachokula, mkongojo unaohesabu hatua zake, na kifaa cha kitandani kinachojua saa aliyolala. Vifaa hivi vina adabu zao. Hakuna kinachompigia makelele. Kinamkumbusha tu, akikipuuza kinamkumbusha tena, na wakati huo huo kinapeleka habari zake kwa watoto.

Hiyo ndiyo Uninvited Guests, filamu fupi ya mwaka 2015 isiyofika hata dakika tano, iliyotoka Superflux, studio ya London ya Anab Jain na Jon Ardern. Iko mtandaoni bure na haitakumalizia bando. Tangu itoke imekuwa ikizungushwa kwenye madarasa ya ubunifu na makongamano ya teknolojia kama onyo kuhusu nyumba janja za wazee, zile nyumba zilizojaa vihisi, kamera na spika zinazoongea, ambazo tunaambiwa zitamwezesha mzee kuzeekea kwake bila kupelekwa kwenye makao ya kutunzia wazee. Nimeitazama mara nyingi. Bado naipenda, na bado kuna kitu kinanikera ndani yake.

Nianze na kinachoifanya filamu nzuri. Thomas haasi. Hatupi uma dirishani, hawapigii watoto simu kuwafokea. Kwa muda anajaribu hata kutii, na kutii kwake kunachekesha kwa sababu ana uso wa mtu aliyewahi kuajiriwa na bosi mbaya. Kisha anajifunza. Uma anauchomeka kwenye bakuli la mboga za majani, yeye anakula anachokipenda. Mkongojo anampa kijana wa jirani autembeze mtaani, malipo ni bia. Kitandani anapanga vitabu, uzito unatosha, kifaa kinaridhika kwamba mzee amelala fofofo. Mzee mwenyewe yuko macho. Ripoti zinaenda kwa watoto zikiwa safi. Baba amekula vizuri, baba ametembea, baba amelala.

Angalia mpango huo unavyofanya kazi. Ili umdanganye mkongojo, lazima ujue mkongojo unajua nini. Mkongojo unajua kutikisika. Haujui nani anautikisa. Thomas amekielewa kifaa kuliko watoto walionunua, maana watoto wanaamini wametumiwa habari za baba yao, kumbe wametumiwa habari za mkongojo. Filamu haina hotuba hata moja kuhusu faragha. Inatuonyesha tu bakuli la mboga ambalo hakuna anayekula, na uma umesimama ndani yake kama mgeni aliyekosa kiti.

Watu hucheka hapo, na mimi nilicheka. Lakini cheko hilo ndilo linaloanza kunipa shida.

Thomas ni mzima mno. Anapanda ngazi, anafungua bia yake, akili zake ni timamu kuliko za hao waliomtumia vifaa. Hakuna mahali popote katika filamu ambapo mwili wake unamsaliti. Kwa hiyo swali ambalo filamu inajibu ni rahisi: je, mtu mzima mwenye akili zake asumbuliwe na uma? Hapana, bila shaka. Si hata mwanasesere angesema hapana. Swali gumu ni lingine. Shirika la Afya Duniani linasema watu takriban 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wa wanaokufa hivyo ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee akianguka bafuni saa tano usiku, mlango umefungwa kwa ndani, simu imebaki sebuleni, yule anayelala sakafuni hadi asubuhi hawezi kula mzaha wa vitabu kitandani. Kihisi kingemsaidia. Kuna wazee walio hai leo kwa sababu kitu fulani ukutani kiligundua kwamba mlango wa friji haujafunguliwa tangu jana.

Filamu inayokwepa mwili huo inashinda mjadala kwa kumchagua mpinzani mnyonge.

Ndiyo maana nikimaliza Uninvited Guests huwa nataka kurudi kwa Robot & Frank, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Jake Schreier na kuandikwa na Christopher D. Ford. Hii ni filamu ndefu ya Marekani, ya kuchekesha kiupole, na kwa juu juu inaonekana nyepesi kuliko ile ya London. Frank, anayeigizwa na Frank Langella, aliwahi kuwa mwizi wa kuvunja nyumba za watu, sasa anasahau. Nyumba yake katika mji wa Cold Spring, jimbo la New York, inanuka. Mwanawe Hunter huendesha gari saa tano kuja kumwona na saa tano kurudi, na amechoka. Binti yake Madison yuko Turkmenistan na anapiga simu kwa video akiwa na mawazo mengi kuhusu utu. Siku moja Hunter anafungua buti ya gari na kutoa roboti.

Hapa sasa kuna kitu cha kupoteza kwa pande zote. Frank anaihitaji roboti. Hataki kuihitaji, lakini anaihitaji, na filamu ina ujasiri wa kuonyesha kwamba inafanya kazi. Nyumba inang'aa. Anakula chakula cha maana. Anatembea. Roboti inamlimia bustani kwa sababu mtu anayesahau anasaidiwa na kazi na ratiba. Madison anapokuja nyumbani na kuizima kwa sababu za kimaadili, anajaribu kupika na kusafisha mwenyewe, na baada ya siku chache hata sisi watazamaji tunataka aiwashe. Huyo Madison tunamjua. Yuko kwenye kila familia: hatumi pesa, haji Krismasi, lakini ana msimamo mkali kuhusu namna mama anavyotunzwa.

Halafu kuna tukio ninaloliona kuwa moyo wa filamu nzima. Mwanzoni, Frank anapogoma, roboti inamwambia kwamba ikishindwa kazi hii itarudishwa na kumbukumbu zake zitafutwa. Frank analegea. Anamhurumia mwenzake. Baadaye roboti inakiri kwamba ilisema hivyo ili tu akubali. Yenyewe haijali kufutwa. Inasema hili bila aibu, kwa sauti ile ile tulivu ya Peter Sarsgaard. Hapo ndipo filamu inapofika mahali ambapo ile ya Superflux haikuthubutu. Uma wa Thomas ni mjinga na unadanganyika. Roboti ya Frank ndiyo inayodanganya, na inadanganya kwa faida ya mgonjwa, jinsi wauguzi wazuri na watoto wazuri wamedanganya tangu zamani. "Kula kidogo tu, daktari amesema." Daktari hajasema.

Frank naye anajibu kwa ufundi wake: anaifunza roboti kuvunja nyumba. Wanaanza na maktaba, kwa kuiba nakala ya zamani ya Don Quixote, na roboti inakubali kwa sababu kupanga wizi kunamchangamsha mzee akili. Kwa vipimo vyake, wizi ni tiba. Bado nacheka nikiandika hivi, lakini mantiki hiyo ni ya kweli kabisa: kifaa kilichoambiwa kiongeze namba fulani kitaiongeza kwa njia yoyote utakayokiachia.

Sikusudii kuisifu filamu hii kupita kiasi. Usahaulifu wa Frank unakuja na kuondoka kama stima ya mtaani, kulingana na hadithi inavyotaka. Akihitajika kupanga wizi, akili inarudi. Akihitajika kutuhuzunisha, inapotea. Yeyote aliyeishi na mgonjwa wa kusahau anajua ugonjwa hauheshimu mpangilio wa matukio. Na Jennifer, mkutubi anayeigizwa na Susan Sarandon, amewekwa pale hasa ili siku moja Frank aone picha ukutani kwake na kugundua kwamba huyu ndiye aliyekuwa mke wake. Ni pigo zuri la hadithi. Ni pigo pia linalomfanya mwanamke kuwa picha ukutani tu, wakati yeye ndiye mtu pekee katika filamu ambaye amebeba kumbukumbu za watu wawili peke yake kwa miaka.

Sasa, kwetu. Nyumba janja Kenya haiji ikiwa imekamilika. Inakuja vipande vipande: kamera ya laini ya simu iliyonunuliwa Luthuli Avenue, taa ya sola inayowaka mtu akipita, saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, zawadi ya binti aliye Doha. Lakini kipande cha kwanza kabisa kilikuwa M-Pesa, mwaka 2007, na kilijitangaza kwa ahadi ya kutuma pesa nyumbani. Sijui kama tumewahi kukihesabu kama teknolojia ya kutunza wazee, ilhali ndicho kilichofanya wengi wao waendelee kuishi kwao. Tofauti yake na uma wa Thomas ni ndogo kuielezea na kubwa ukiifikiria. Pesa ikitumwa, mlio wa ujumbe unalia kwenye simu ya mzee. Yeye ndiye anayepata habari. Akinunua sukari, akinunua ugoro, akimpa mchungaji, simu haikupigii kukuchongea. Kamera imegeuza mkondo: sasa habari zinatoka kwake zinakuja kwetu, na mlio unalia mfukoni mwetu tukiwa kwenye matatu.

Kwa shosho yangu, Murang'a, kamera iliwekwa juu ya kabati la vyombo. Ankal aliye Marekani ndiye aliyelipa, na sote kwenye grupu ya WhatsApp ya familia tulipewa nywila. Wiki ya pili picha ikawa nyeupe. Kulikuwa na nadharia nyingi: intaneti, tokeni zimeisha, panya. Binamu alipofika alikuta shosho amekifunika kile kitu kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio, televisheni na migongo ya viti vyote. Akaulizwa. Akasema kilikuwa kinashika vumbi. Grupu ilibishana siku tatu kama hilo lilikuwa jibu au lilikuwa jibu. Mimi nilimwonyesha ile filamu ya Thomas kwenye simu, na alielewa kila kitu bila Kiingereza. Kwenye mkongojo wa bia alicheka hadi akajifuta macho. Ilipokwisha akaniuliza kitu ambacho sijakiona katika uchambuzi wowote wa filamu ile: "Na huyu mzee anapikiwa na nani?"

Kwa kweli, nani? Nyumba ya Thomas haina mtu wa kazi. Ya Frank pia haina, hadi roboti inapokuja kuchukua nafasi ambayo hatukuonyeshwa ikiwa na mtu. Hapo ndipo filamu zote mbili zinapofungia macho kitu kile kile. Zinachora pembe mbili, mzazi na watoto, na kifaa katikati. Lakini kazi yenyewe ya kumzeesha mtu nyumbani, ya kumwogesha na kumgeuza kitandani, karibu kila mahali hufanywa na mtu wa tatu, mara nyingi mwanamke, mara nyingi analipwa kidogo, au halipwi kwa sababu ni binti aliyebaki. Kwa shosho ni dada mmoja anayeamka kabla ya jogoo. Kamera ile ilipofunguliwa tena, hakuna aliyempigia shosho simu kuuliza mbona televisheni imewaka saa hii. Aliyepigiwa ni dada. Wacha tuseme ukweli: kamera nyingi tunazoweka shags hazimwangalii mzee, zinamwangalia huyo. Tunasema tunataka kuhakikisha mama hateswi, na wazee huteswa kweli, si hadithi. Lakini tumempa mtu mmoja kazi ya watu wanne kwa mshahara wa nusu mtu, kisha tukanunua jicho la kumchunga badala ya kumtafutia msaidizi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na pia ya kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, nyumba yake ikiwemo. Mzee anazo zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana kumwekea kamera bila kumuuliza si jambo dogo la kifamilia. Kwa upande wa dada, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaachia nje matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani, na sebule ambayo kwa shosho ni nyumbani kwa dada ni ofisi. Na serikali? Mchango wake kupitia Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliosajiliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Ukiweka namba hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini hapa kwetu kifaa rahisi kitanunuliwa kabla ya mlezi wa pili kuajiriwa. Hata katika Uingereza ya Thomas, sina shaka uma ulikuwa rahisi kuliko kuacha kazi na kurudi kwa baba.

Kazi moja ya sanaa ninayoijua iliyomrudisha huyo mtu wa tatu kwenye picha haina mzee hata mmoja. Mwaka 2017 msanii Lauren McCarthy wa Los Angeles alianza LAUREN, ambamo alifunga vifaa kwenye nyumba za watu waliojitolea, swichi, kufuli za milango, kamera, kisha kwa siku kadhaa yeye mwenyewe akawa ndiye nyumba janja: akiwaangalia kutoka mbali usiku na mchana, akiwawashia taa, akijibu wakimwita. Uchovu wake ni sehemu ya kazi yenyewe. Miaka miwili baadaye, 2019, Bloomberg ikaripoti kwamba Amazon ilikuwa na wafanyakazi waliolipwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na spika zake majumbani. Yaani mtu alikuwepo ndani ya mashine tangu mwanzo. Msomaji wa Nairobi hapaswi kushangaa sana. Tunao marafiki wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa wakitia lebo picha za nchi wasizowahi kufika ili mashine ijue kiti ni kipi na mtu aliyeanguka ni yupi. Huenda siku moja kijana wa Umoja atalipwa kuangalia mzee wa Ohio akianguka, wakati nyanyake mwenyewe yuko Siaya na mtandao hauingii.

Filamu hiyo ningeitazama. Ingeanza kwa dada aliyesimama sebuleni, anajua kamera iko wapi, na anamlisha shosho uji akiwa amegeuza mgongo kidogo ili wasionekane wanavyocheka. Angejua mambo ambayo kihisi hakijui: kwamba shosho halali kwa sababu anasubiri simu ya mtoto fulani, na kwamba dawa ya asubuhi anaificha chini ya ulimi. Angeamua mwenyewe lipi liende kwenye grupu ya familia na lipi libaki baina yao. Uongo wake mdogo ungekuwa mgumu kuhukumu kuliko wa Thomas.

Lakini kwa sasa tunazo hizi mbili, na nikilazimishwa kuchagua nitachukua ya Frank pamoja na dosari zake, kwa sababu ya bustani. Roboti iliipanda kama tiba. Polisi wanapokuja kutafuta vito vilivyoibiwa, kumbukumbu ya roboti ndiyo ushahidi, na ni roboti yenyewe inayomshauri mzee aifute. Anaifuta. Anaishia kwenye makao, pale alipokuwa hataki kwenda tangu dakika ya kwanza, ambapo kuna roboti nyingine zinazofanana kabisa na yake na hakuna hata moja inayomjua. Hunter anapomtembelea, Frank, ambaye hatuna hakika anakumbuka nini tena, anampa mwanawe kijikaratasi alichoandika kwa mkono. Vito viko bustanini, chini ya nyanya.